TAHADHARI: Anayeuza diski "mpya" za seva Mbeya, Iringa na Njombe

Wakuu, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi na wafanyabiashara huku Nyanda za Juu Kusini akiuza diski za seva, Seagate Exos za terabaiti 8, kwa bei ya chini kabisa ukilinganisha na dukani. Anasema ni mpya za kwenye boksi, mzigo uko Dar, ukituma hela leo kesho unapokea stendi. Si mpya. Mteja wangu mwenye studio ya picha na video pale Uyole ameshapigwa.

Huyu mteja alitaka seva ya nyumbani: Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe chache (kompyuta kadhaa ndani ya moja), na diski nne za ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda data, za kuhifadhi kazi za wateja wake. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Alizipanga kwa RAIDZ1, maana yake diski moja ikifa, data inabaki salama. Ila diski zilizochoka pamoja hufa pamoja. Moja iligoma, na wakati mbadala wake unajazwa data, ya pili ikaanza kutema makosa. Hapo ndipo nilipoitwa. Faili kibao za harusi na send-off za watu hazifunguki tena, na wenyewe walishalipa.

Nilizitoa diski nikazichomeka kwenye kompyuta ya kawaida. Ukisoma SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, saa za kufanya kazi zinalingana na muda aliokaa nazo tu, kama vile kweli zilitoka kiwandani. Lakini Seagate wana rekodi nyingine ndani ya diski, inaitwa FARM, na wanaofuta SMART mara nyingi huiacha. Rekodi hiyo ilionyesha zaidi ya saa 31,000. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo diski hizo zimezunguka usiku na mchana zaidi ya miaka mitatu na nusu mahali pengine kabla hazijafika Uyole.

Mchezo huu haujaanzia kwetu. Mapema 2025 uliibuka Ujerumani: diski za Seagate zilizotumika zilifutwa saa zake na kuuzwa kama mpya, na nyingi zilihusishwa na mashamba ya kuchimba Chia, sarafu ya kidijitali inayochimbwa kwa nafasi ya diski. Sasa mzigo wa namna hiyo umetufikia.

Namna ya kukagua ni hii. Uwe na smartctl, programu ya kusoma rekodi hizo, toleo la 7.4 au jipya zaidi, kisha andika (sda ni jina la diski kwenye kompyuta, weka la diski yako):

smartctl -a /dev/sda
smartctl -l farm /dev/sda

Linganisha saa za kufanya kazi (Power On Hours) za pande zote mbili. Zikipishana kwa maelfu, rudisha mzigo hapo hapo. Kwenye SMART tazama pia namba 5, 197 na 198. Hizo ni sekta zilizohamishwa, zinazosubiri na zisizosomeka, na kwa diski mpya zote zinatakiwa ziwe sifuri. Halafu tumia macho: diski za mteja wangu zilikuwa na mikwaruzo ndani ya matundu ya skrubu, pini za SATA (zinazounganisha diski na kompyuta) zina mistari ya kuchomekwa na kuchomolewa, na mfuko umefungwa kwa selotepu ya kawaida. Namba ya mfululizo ya diski (serial number) iingize kwenye tovuti ya Seagate uone hali ya waranti.

Jamaa akibanwa ana majibu yake. La kwanza, "ukifungua mfuko hairudi." La pili, na hili limeniudhi kweli, alimwambia mteja kwamba umeme wa Mbeya ndio ulioziunguza. Kukatika kwa umeme kunaweza kuua diski, hilo hakuna anayelipinga, ndiyo maana nasisitiza UPS (betri ya akiba) kila siku. Lakini hakuna umeme wa TANESCO unaoandika saa 31,000 kwenye diski ya miezi miwili. Baada ya hapo akazima simu.

Diski iliyotumika si dhambi. Nimefunga nyingi na zinapiga kazi, mradi muuzaji aseme ukweli na bei iwe ya mtumba. Wengine pia wanauziwa diski za SAS, zenye kiunganishi cha seva kubwa, kwa sababu ni rahisi, kumbe hazichomeki kwenye SATA ya mazabodi ya kawaida bila kadi yake. Uliza kabla ya kulipa.

Hela isitoke kabla diski haijasomwa mbele yako. Kama mzigo unakuja kwa basi, mwambie muuzaji amtume mtu wake aje nao, mkutane Mwanjelwa kwa fundi unayemwamini. Akikataa, achana naye. Dai risiti ya EFD. Namba yake ukiwa nayo, iripoti kwenda 15040, na kama hela imeshaenda, nenda polisi na ujumbe wote wa muamala bila kufuta kitu.

Walioshanunua kwake, hasa wa Mafinga na Makambako: kama data iko humo tayari, nakilini kwanza kwenye diski nyingine nzima, ndipo mfanye jaribio refu la smartctl. Diski iliyochoka inaweza kufia kwenye jaribio lenyewe.