TAHADHARI: Muuzaji wa matairi "mapya" ya pikipiki kubwa Mbeya, Iringa na Njombe anauza vipara vilivyochongwa

Wakuu, kama kuna mtu ameshatuma kianzio kwa yule jamaa anayezungusha picha za matairi ya inchi 17 kwenye magrupu ya huku kwetu, asimalizie malipo. Matairi anayoyaita mapya ni mitumba iliyokwisha, imechongwa kashata (ile mifereji ya sehemu inayogusa lami) upya kwa kisu cha moto, ikapakwa dawa nyeusi na kubandikwa lebo. Mdogo wetu mwenye pikipiki ya Yamaha R6 amepigwa laki saba na themanini kwa pea moja. Hali yake tangu alipoanguka Isyonje ile Jumapili mnaijua.

Nimeona baadhi yenu wanamcheka. Acheni kabisa. Someni kwanza alivyopigwa, kisha mseme ni nani kati yetu angeruka huo mtego.

Dogo aliulizia tairi la nyuma. Muuzaji hakuanza na bei. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, rimu yako ya nyuma imeandikwa MT ngapi?" Dogo akapiga picha, MT5.50, yaani upana wa inchi 5.50. Jibu likaja papo hapo: nyuma weka 180/55 ZR17 73W, mbele kwenye rimu ya 3.50 weka 120/70 ZR17 58W, na asikubali kuuziwa 190/55 kwa kudhani anapata tairi kubwa zaidi, maana hiyo imekusudiwa rimu ya inchi 6, na ukiibana kwenye 5.50 mgongo wake unachongoka na pikipiki inabadilika tabia kwenye kona. Yote hayo ni kweli tupu. Akaongeza kwamba 73 ni mzigo wa kilo 365, 58 ni kilo 236, na W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Hilo nalo ni kweli. Mtu anayekupa somo sahihi namna hiyo, utamtilia shaka wapi? Anaijua kazi vizuri, na ndiyo maana nina hasira naye kuliko tapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Yule hajui anachokuuzia. Huyu anajua kabisa tairi lile litafanya nini likiwa chini ya mtu kwenye mteremko wenye mvua.

Baadaye ikaja video. Tairi limefungwa nailoni, linazungushwa taratibu. Unaonyeshwa mshale wa mzunguko, saizi, lebo ya rangi iliyobandikwa juu ya kashata, halafu kamera inatulia kwenye tarakimu nne za DOT: 3224. Wiki ya 32, mwaka 2024. Ilitulia hapo muda mrefu. Haikuingia hata mara moja ndani ya mfereji wa kashata, wala haikuonyesha tumbo la tairi kwa ndani.

Bei nayo haikumshtua. Angetajiwa laki mbili kwa pea angekimbia, lakini laki saba na themanini ni bei inayofanana na ukweli. Kianzio laki tatu, zilizobaki mzigo ukifika. Na mkumbuke huku dukani kuna nini. Kuanzia Kabwe hadi Mwanjelwa utapata 2.75-17, 3.00-17 na 3.00-18 za bodaboda kadiri upendavyo, lakini 180/55 ya redio (radial, isiyo na nyuzi za kukatizana) hakuna. Ukitaka, uagize Dar es Salaam na usubiri. Na tairi la mbele la dogo lilikuwa limeshagusa alama ya kuisha. Mtu wa kwenye grupu akajitokeza kusema naye alinunua hapo na hana malalamiko. Namba ya huyo shahidi leo haipatikani, kama ya muuzaji.

Makabidhiano yalikuwa stendi ya Nanenane, jioni, manyunyu yameshaanza. Muuzaji hakuja. Alikuja kijana kwa bajaji, na bajaji haikuzimwa. Matairi mawili yamefungwa pamoja kwa kamba, yamebanana ubavu kwa ubavu, nailoni juu yake. Dogo akaomba kufungua. Kijana akasema ukifungua nailoni kabla ya kulipa garanti inakufa, na basi la Iringa linamsubiri na mzigo wa mtu mwingine. Akawasha tochi ya simu, akaelekeza mwanga kwenye lebo, kwenye mshale, kwenye zile tarakimu nne. Vidole vya dogo vikabaki na weusi wenye mafuta. Kijana akasema ni dawa ya kiwandani. Dogo akalipa laki nne na themanini kwa Lipa Namba. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa tofauti na lile ambalo muuzaji alikuwa akijiita tangu mwanzo. Alipouliza, kijana akajibu kuwa hilo ni jina la duka. Bajaji ikaondoka.

Sasa ukweli ulioonekana tairi la nyuma lilipovuliwa kwenye rimu.

Kashata. Chini ya mifereji ya tairi la pikipiki kuna vinundu vidogo vya mpira, na ubavuni kuna herufi TWI zinazokuelekeza vilipo. Kashata ikishuka hadi usawa wa kinundu, tairi limekwisha. Kwenye tairi hili vinundu vilikuwa vimekatwa katikati na kisu kilekile kilichochonga mifereji. Kiwanda hakiwezi kufanya hivyo, maana kinundu na mfereji hutoka pamoja kwenye ukungu (kalibu) mmoja wa kiwandani. Sakafu ya mfereji ilikuwa na mawimbi, kingo zake zikiwa kali, na sehemu mbili nyuzi za mkanda wa ndani zilikuwa zinaonekana. Ufundi huu umetoka kwenye malori. Matairi mengi ya lori yameandikwa REGROOVABLE ubavuni, yana mpira wa akiba chini ya kashata kwa ajili ya kuchongwa mara ya pili. Tairi la pikipiki halina akiba hiyo. Ukichonga unakula mpira unaokinga mkanda, tairi linapata joto, maji yanapenya, na mkanda unaweza kuachana na mpira ukiwa kwenye mwendo.

Mabega. Pembeni pote, kulia na kushoto, mpira ulikuwa umepigwa msasa. Tairi lililokimbizwa kwenye uwanja wa mashindano huacha mpira ulioyeyuka na kujikunja kwenye mabega, na huo ndio uliosuguliwa. Hata jina la tairi lilikuwa linasema ukweli wote kwa anayejua kusoma. Pirelli Supercorsa yenye herufi SP ni ya barabarani, yenye SC ni ya mashindano. Hili lilikuwa SC. Kwenye mashindano linavalishwa blanketi la umeme na kupashwa hadi karibu nyuzi 80 kabla halijagusa lami, ndipo linashika. Likipashwa na kupoa mara nyingi, mpira unakuwa mgumu na kushika kunakwisha hata kama kashata bado inaonekana. Chukua kitu hicho, kipeleke Isyonje kwenye ukungu na mvua ya Rungwe. Halipati joto kamwe. Kiwanda hakina kosa hapo. Tairi lilitengenezwa kwa kazi nyingine, likaisha kwenye kazi hiyo, na mtu akaliokota akaliuza kama jipya.

Tarakimu. Ile 3224 ilikuwa uongo. Mwaka wa kutengenezwa hukaa kwenye kidirisha chenye kingo safi, kwa sababu kipande hicho cha ukungu hubadilishwa kila baada ya muda. Hapa mpira ulikuwa umekwaruzwa na tarakimu zimechomwa upya, hazikai kwenye mstari mmoja, na mbili za mwisho zimezama zaidi ya mbili za mwanzo. Tairi la mbele hawakulihangaikia hata kidogo: lilikuwa 0914, upande wa pili, ule waliobananisha na mwenzake kwa kamba. Tairi la mwaka 2014! Nyufa zilikuwa zimefichwa na ile dawa nyeusi, ambayo ni mafuta, na walikuwa wamepaka hadi sehemu inayogusa lami.

Ndani ya tumbo, kiraka. Tundu la msumari lilikuwa begani, karibu na ubavu, mahali ambapo hairuhusiwi kuziba. Tundu linalozibika ni la katikati ya kashata, lisilozidi milimita 6, na hata hapo mwendo unapunguzwa. Wao waliziba na kupaka rangi nyeusi juu yake.

Kwa hiyo mtu huyu alikaa, akachonga, akapiga msasa, akachoma tarakimu, akapaka rangi kiraka, akijua kuna binadamu atalala nalo kwenye kona. Huo si ujanja wa biashara. Anastahili jela. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na hapa kuna hatari ya maisha juu yake. RB ya polisi imeshachukuliwa, namba yake ya simu imeripotiwa 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, na suala la bidhaa bandia lipelekwe Tume ya Ushindani, wao ndio wenye kazi hiyo. Simtaki mtu amguse wala kumchapa. Nataka akamatwe, mashine yake ya kuchongea ichukuliwe, na aliyekuwa akijifanya shahidi kwenye grupu aunganishwe kwenye kesi. Wanaomjua kijana wa bajaji waseme. Kumficha ni kumsaidia.

Dalili, basi, kwa haraka. Jina la Lipa Namba kutolingana na mtu. Kukatazwa kufungua nailoni. Makabidhiano ya jioni na mtu wa kutumwa mwenye haraka. Weusi unaobaki vidoleni: tairi jipya lina utelezi wake kidogo wa kiwandani lakini halikupaki masizi. Vinyweleo vya mpira kutokuwepo kabisa, au kuwepo ubavuni tu huku kashata ikiwa imenyolewa. Mgongo bapa katikati, hasa tairi lililokula barabara ndefu iliyonyooka. Jipya ni la mviringo mmoja kutoka bega hadi bega. Herufi NHS ubavuni: hilo halikutengenezwa kwa barabara ya umma, liache hata likiwa jipya kweli.

Mwambie muuzaji apige video ya mambo matatu tu: kinundu cha TWI ndani ya mfereji, tarakimu za DOT kwa karibu akiwa ameweka kidole pembeni yake, na tumbo la ndani mzunguko mzima. Mwenye tairi jipya hana sababu ya kukataa.

Na mkishapata tairi halali, msimalizie vibaya. Redio mbele iende na redio nyuma, usichanganye na tairi la nyuzi za kukatizana. Mshale ufuate mzunguko. Valvu ibadilishwe wakati tairi liko nje, ni kitu kidogo. Rimu ipigwe balansi. Upepo fuateni kibandiko cha pikipiki yenyewe. R6 na wenzake wengi wa cc 600 ni psi 36 mbele na 42 nyuma, lililopoa. Ukipima asubuhi ya baridi Uyole halafu ukapima mchana Ruaha Mbuyuni utakuta psi zimepanda, hiyo ni kawaida, usitoe upepo. Kilomita 150 za kwanza usilaze pikipiki, mpaka ngozi ya kiwandani iishe.

Kwa barabara zetu hizi, zenye baridi ya Juni na mvua ya Machi, mimi nasema wazi: chukueni tairi la michezo na safari lenye mpira mgumu katikati na laini mabegani. Linashika likiwa bado la baridi, linatoa maji, na linadumu hadi Tunduma na kurudi mara nyingi. Tairi la mashindano liachwe kwenye uwanja wa mashindano.

Kuna watu Mafinga na Makambako nimesikia nao walinunua kwake na wamenyamaza kwa aibu. Ndugu zangu, aibu ni ya aliyechonga. Vueni matairi hayo leo, msipande hata kwenda kazini. Msiyatupe wala kumpa mtu wa kutengeneza ndala, ni ushahidi. Pigeni picha DOT pande zote mbili, vinundu vya TWI, tumbo la ndani, na ujumbe wa malipo unaoonyesha jina, mlete pamoja na matairi yenyewe kwa yule anayeshika RB. Mnamjua na namba yake mnayo. Polisi wakikuta pea moja watasema ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Zikija nne hawataweza kusema hivyo.