Mashine ya kufyonza makohozi inayotumia betri: miezi saba ya matumizi mjini Tanga

Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu na anapumua kwa mrija uliopitishwa katika tundu la shingoni, yaani trakeostomi. Kwa kuwa hewa yake haipitii puani, ambako ingepata joto na unyevu, makohozi yake huwa mazito na hawezi kuyatoa yote kwa kukohoa. Ndiyo maana mashine ya kuyafyonza hulala pamoja nasi chumbani na hutoka pamoja nasi mlangoni. Hii niliinunua katika duka moja la vifaa vya tiba Ngamiani, na sasa ina miezi saba.

Sifa yake kubwa ni geji. Mshale wake unasomeka hata kwa tochi ya simu, na kitufe cha kurekebishia nguvu huzunguka polepole bila kuruka. Jambo hilo si dogo, kwani wodini tulielekezwa kuwa kwa mtoto wa umri huu nguvu ya kufyonza iwe kati ya 80 na 100 kwa kipimo cha milimita za zebaki, ilhali mashine hii ikiachiwa hupita hapo kwa mbali. Kila mara naziba kwanza mdomo wa bomba lake kwa kidole gumba, nasoma geji, ndipo naunganisha mpira safi wa kufyonzea, ule mwembamba unaoingia ndani ya mrija wa shingoni.

Betri ndiyo iliyonifanya nitoe fedha nyingi hivyo, na ndiyo iliyonivunja moyo kidogo. Karatasi iliyomo kwenye boksi inaahidi saa moja na nusu. Kwa saa yetu ya ukutani haikuwahi kuvuka dakika hamsini. Hata hivyo, kila ufyonzaji hauzidi sekunde 10, na usiku mmoja umeme ulipokatika tangu saa nne hadi alfajiri, huku kifua cha mtoto kikikoroma kila baada ya muda mfupi, chaji ilitosha na ikabaki. Pamoja na hayo nimenunua pampu ya kukanyaga kwa mguu, na ninamshauri kila mzazi awe nayo, kwa sababu betri huzeeka bila kuaga.

Malalamiko yangu makubwa ni kwa duka. Niliomba mipira ya kufyonzea, nikapewa namba 10 kwa maelezo kwamba “yote hiyo ni ya watoto”, bila kuulizwa mtoto anatumia mrija wa ukubwa gani. Mrija wake ni 4.0, na kanuni tuliyofundishwa ni kuzidisha ukubwa huo mara mbili, kwa hiyo mpira unaomfaa ni namba 8. Ulio mnene zaidi huziba njia ileile anayopumulia. Niliirudisha siku ya pili na, kwa haki yao, walinibadilishia bila maneno. Mpira mpya naupima kwenye mrija wa akiba na kuutia alama ya kalamu, ili usizame kupita ncha ya mrija na kuchubua koo.

Tena walinipa kopo la poda ya mtoto kama zawadi. Najua ni ukarimu, na hapa kwetu mtoto asiyepakwa poda shingoni huonekana hakuogeshwa, lakini kwa mtoto huyu vumbi lile huingia moja kwa moja mapafuni, kama moshi wa udi, ambao nao tumeuhamishia nyumba ya pili kwa shangazi yake.

Chupa ya makohozi hufunguka kwa urahisi na huoshwa kwa maji ya moto na sabuni bila kuacha harufu. Chujio lake dogo jeupe halipatikani hapa mjini. Huagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi, na likilowa mashine hukosa nguvu, kwa hiyo huagiza mawili kwa mpigo.