Nimelipia bima ya gari la kukodi Mtwara, kioo kimepasuka, naambiwa "kioo hakimo"

Naandika bado nina hasira, mnisamehe. Gari lenyewe silisemi vibaya. Lilitufikisha Masasi msibani, mimi na mama na wadogo zangu wawili, likaturudisha, halikuzima hata mara moja. Shida ni hicho wanachokiita bima.

Siku ya kulichukua, kijana wa ofisini aliniuliza kama nataka bima, 20,000 kwa siku. Nikasita, maana siku tano ni laki nzima. Akaniambia, "Dada, ukilipa hii hata ukigonga huna deni." Hata ukigonga huna deni! Nikalipa, nikaacha na dhamana ya laki nne.

Wakati wa kurudi, tumeshapita Ndanda tunaitafuta Nyangao, tukawa nyuma ya semi la makaa ya mawe, haya yanayotoka huko Songea kwenda bandarini. Anayepita barabara hii anajua yalivyo mengi. Tairi likarusha jiwe, pa! Kioo cha mbele kikapasuka toka kona hadi kona. Mama alipiga yowe nikadhani kaumia.

Yule yule kijana hata pole hakutoa. Alizunguka gari, akapiga picha, akasema, "Kioo hakimo. Kioo, matairi na chini ya gari haviingii. Si ulisaini?" Nilisaini kweli, karatasi mbili za Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi. Nikamuuliza, mbona siku ile hukunieleza? Akarudi kwenye simu yake. Natoka kuzika, mama yangu mtu mzima kakaa nje juani, na yeye anachezea simu! Wakakata laki tatu na nusu kwenye dhamana.

Shemeji yangu anauza bima. Aliniuliza swali moja tu: kwenye karatasi imeandikwa kampuni gani ya bima? Hakuna. Basi hiyo si bima, akasema, ni ahadi ya mwenye gari kwamba hatakudai, na inaishia pale alipotaka yeye iishie. Bima halisi ya gari anailipia mwenye gari, na ikiwa ni ndogo inawalipa wale uliowaumiza, gari lenyewe hailigusi. Kwa hiyo uliza kabla hujatoa hela: gari lina bima kubwa au ndogo? Likiharibika mimi nabeba kiasi gani? Kioo kimo?

Siku ile niliapa sitalipia tena kitu kama hicho maishani. Lakini usiku nikilala nalikumbuka lile semi. Lingetuvaa lenyewe badala ya jiwe, gari zima la mtu ningelilipa na nini? Sasa sijui. Nadhani ningelipa tena, ila waniandikie kwa Kiswahili, kwa mkono kama hawana mashine, kwamba kioo kimo. Na isiwe pale. Pale sirudi, hata wanipe gari bure.