Shina la boljointi: lipakwe grisi au lifungwe kavu?

Mafundi wengi wa jua kali hapa Kisumu hupaka grisi kwenye shina la boljointi (kiungo cha gari kinachoshikilia gurudumu na kuliruhusu kugeuka) kabla ya kulifunga. Sababu yao naielewa: mvua na matope huleta kutu, na kutu ikishika, kulitoa shina hilo baadaye ni nyundo mchana kutwa.

Hata hivyo, mimi nalifunga kavu. Shina hilo ni jembamba kuelekea upande wa nati, na linashika kwa msuguano wa chuma kwa chuma ndani ya tundu lake. Ukipaka grisi, msuguano unapungua. Nati ikikazwa kwa nguvu ileile, shina linavutwa ndani zaidi ya ilivyokusudiwa, na tundu linaweza kutanuka au hata kupasuka. Kwenye sehemu inayoshikilia gurudumu, hatari hiyo siikubali kamwe.

Anayefunga kavu hukutana na kero moja: wakati mwingine shina huzunguka pamoja na nati. Hapo ndipo wengine hukata tamaa. Inua kwa jeki kutoka chini, au bonyeza kwa mtaimbo, hadi shina likae imara ndani ya tundu lake, kisha kaza. Tundu la pini (ile inayozuia nati isilegee) lisipolingana na nati, ongeza kukaza kidogo. Usilegeze.

Kabla ya yote, futa tundu na shina kwa kitambaa safi hadi mafuta yote yaishe. Kuhusu kutu, paka grisi nje, juu ya nati, baada ya pini kuingia.