Kahawa ya Espreso ya Nyumbani: Mfuko Upi Uanze, Upi Usubiri

Kwa mwenye mashine ya espreso nyumbani, mfuko unaofaa kuanza nao ni mchanganyiko wa arabika tupu (moja ya aina mbili kuu za kahawa; nyingine ni robusta), uliokaangwa kiasi, msingi wake kahawa ya Brazil, na wenye tarehe ya kukaangwa iliyochapwa waziwazi. Michanganyiko mingine ina nafasi yake, na tumeipanga hapa chini kwa jinsi inavyomvumilia mtu anayetumia mashine ya kawaida na kinu cha kawaida cha kusagia kahawa.

Uvumilivu huo ndio kipimo chetu kikuu. Espreso kwa kawaida hukamuliwa kwa maji ya nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi, kwa shinikizo la takriban baa 9, ndani ya sekunde 25 hadi 30. Muda ni mfupi na maji ni machache, kwa hiyo kosa dogo la kusaga au la joto huonekana kikombeni papo hapo. Kuna kahawa zinazosamehe kosa hilo na kuna zisizosamehe.

Tarehe kwanza, jina baadaye

Punje zikitoka kwenye kikaangio zimebeba gesi ya kaboni dioksidi kwa wingi, na huitoa polepole kwa siku na wiki kadhaa. Ukizikamua mapema mno, gesi hiyo husukumana na maji, unga ulioshindiliwa hupasuka, na maji hupita kwenye nyufa badala ya kuloweka unga wote. Utaona krema (povu la juu ya espreso) nene yenye mapovu makubwa inayotoweka upesi, na ladha kali ya uchachu. Watu wengi hurudisha mfuko mzuri wakidhani ni mbovu, kumbe ulihitaji kukaa wiki moja tu.

Mkaango wa kati uache siku 7 hadi 10 tangu tarehe ya kukaangwa. Mkaango mzito unaweza kuufungua baada ya siku 4 au 5, kwa kuwa punje zake zina vinyweleo vilivyofunguka zaidi na gesi hutoka haraka. Mkaango mwepesi unahitaji wiki 2, na mara nyingi 3. Mfuko ukishafunguliwa, jitahidi kuumaliza ndani ya wiki 2. Mfuko ambao haujafunguliwa huanza kushuka taratibu baada ya wiki 6 hivi: krema inakuwa nyembamba, kahawa inatiririka haraka kuliko jana kwa usagaji uleule, na harufu inafifia.

Tarehe ya mwisho wa matumizi haikusaidii kitu hapa. Mara nyingi huwekwa mwaka mzima au zaidi baada ya kufungashwa, na hailindi ladha. Mfuko wenye tarehe hiyo peke yake uchukulie kuwa umri wake haujulikani. Makopo yaliyojazwa gesi isiyochangamana na kahawa, kama yale ya kampuni ya Illy, huchelewesha kuzeeka kwa kiasi kikubwa, lakini kopo likifunguliwa kahawa yake inazeeka kama nyingine zote.

Angalia pia kama mfuko una vali ndogo ya njia moja, kile kitobo cha plastiki upande wa mbele kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Mfuko usio na vali ama umefungashwa kahawa iliyokwisha kutoa gesi, ama unaingiza hewa mahali fulani.

Kuhusu kiasi, piga hesabu kabla ya kuvutiwa na mfuko mkubwa. Mkamuo wa vikombe viwili vidogo hutumia gramu 18. Gramu 250 zinakupa mikamuo 13, na 3 kati yake zitaliwa na kurekebisha kinu. Anayekamua mara 2 kwa siku hutumia kilo moja kwa karibu wiki 4, na sehemu ya mwisho ya kilo hiyo itakuwa imechoka. Mifuko miwili ya gramu 500 ni bora, mmoja ukiwa bado umefungwa.

Neno "espreso" kwenye mfuko

Hakuna kanuni inayomlazimisha mkaangaji aliyeandika neno hilo kufanya lolote. Espreso ni namna ya kukamua, na kahawa yoyote inaweza kukamuliwa hivyo. Kinachokueleza zaidi ni rangi na uso wa punje. Punje kavu za rangi ya kahawia ni za mkaango wa kati. Zenye vitone vya mafuta zimefika au zimekaribia mlio wa pili wa punje kupasuka kwenye kikaangio. Zinazong'aa mafuta pande zote ni za mkaango mzito sana, au zimezeeka, maana mafuta hujitokeza yenyewe kadiri siku zinavyopita.

Maneno ya ladha nayo yana maana ukijua kuyasoma. Chokoleti, karanga, karameli: uchachu mdogo, rahisi kukamua. Limau, beri, maua: uchachu wa wazi, kazi zaidi kwenye kinu.

1. Arabika tupu, mkaango wa kati hadi wa kati mzito

Brazil huwekwa kuwa msingi kwa sababu kahawa zake nyingi hukaushwa na tunda lake, zina uchachu mdogo, na huacha uzito mzuri mdomoni. Colombia au Guatemala huongezwa ili kuleta utamu na uchangamfu kidogo. Wakati mwingine Ethiopia huingia kwa sehemu ndogo kwa ajili ya harufu. Mchanganyiko wa namna hii hubaki mtamu hata joto la mashine likipanda au kushuka nyuzi 2, nao unanyweka mtupu au na maziwa kidogo.

Anza na gramu 18 za unga, kamua gramu 36 za kahawa kikombeni kwa sekunde 27 hadi 30, maji yakiwa nyuzi 93. Tumia mizani. Kupima kwa macho hudanganya, kwa kuwa krema ya kahawa changa hujaza kikombe na maji yenyewe ni machache.

2. Arabika yenye robusta asilimia 10 hadi 20

Ukinywa espreso yako na maziwa kila siku, huu ndio uwe wa kwanza kwako. Maziwa ya mililita 150 humeza ladha laini za arabika, ilhali robusta hupenya. Ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na krema nene inayodumu. Mafuta na sukari yake ya asili ni kidogo kuliko vya arabika, na ndiyo maana ikizidi, kinywaji kinakuwa kikavu na chenye ukakasi.

Ubora wa robusta yenyewe ndio unaoamua. Robusta nzuri iliyooshwa, kama zile zinazotoka India na Uganda, ina ladha ya kakao na nafaka iliyokaangwa. Robusta duni hunuka mpira. Mkaangaji anayeandika nchi iliyotoka robusta yake kwa kawaida hana cha kuficha; anayeandika "mchanganyiko wa siri" muulize kabla ya kulipa. Kamua fupi kidogo, gramu 18 ndani na gramu 32 hadi 34 nje, ili maziwa yakutane na kahawa nzito.

3. Michanganyiko ya matunda, mkaango wa kati mwepesi

Kwa ladha, hii inaweza kuwa juu ya zote. Tumeiweka ya tatu kwa sababu ya vifaa inavyodai. Punje zilizokaangwa kidogo ni ngumu na hazitoi ladha kwa urahisi, kwa hiyo zinahitaji kusagwa laini zaidi, maji ya nyuzi 94 hadi 96, na uwiano mrefu: gramu 18 zitoe gramu 45, hata 54. Vinu vingi vidogo haviwezi kufika ulaini huo, au vinasaga vumbi na chenga pamoja. Matokeo ni kahawa inayokimbia kwa sekunde 15 na uchachu unaokunja uso.

Jambo jingine: jina la mchanganyiko linaweza kubaki lilelile mwaka mzima na yaliyomo yakabadilika kufuata misimu ya mavuno. Soma lebo ya kila mfuko mpya, na usishangae ukilazimika kurekebisha kinu upya.

4. Mtindo wa Italia ya kusini, robusta asilimia 30 au zaidi

Mzito, mchungu, wenye krema ya rangi ya hudhurungi iliyokolea, mara nyingi hunywewa na sukari. Gramu 14 zikitoa gramu 25 hadi 28 zinatosha, maji yakiwa nyuzi 88 hadi 90; joto kubwa huleta ladha ya majivu. Sifa yake kubwa ni kustahimili vifaa hafifu na siku nyingi rafuni. Kampuni kubwa kama Lavazza zina bidhaa za arabika tupu na za mchanganyiko pia, kwa hiyo soma asilimia, usinunue kwa rangi ya mfuko.

5. Iliyosagwa tayari

Nunua hii iwapo tu huna kinu na mashine yako ina kichujio chenye kuta mbili, kile chenye kitundu kimoja tu upande wa chini. Kitundu hicho ndicho kinachotengeneza shinikizo, kwa hiyo ulaini wa unga si hoja kubwa. Kwenye kichujio cha ukuta mmoja, unga wenyewe ndio kizuizi, na ukiwa mkubwa kidogo maji yatapita kwa sekunde 10. Kuongeza gramu moja husaidia kidogo. Kushindilia kwa nguvu zaidi hakusaidii. Unga wa birika la moka (lile la kuwekwa juu ya jiko) ni mkubwa kuliko wa espreso, basi uangalie lebo. Chukua gramu 250, zisizidi, na uzimalize ndani ya wiki.

6. Nyeusi inayong'aa mafuta

Iache, hasa kama mashine yako ni ya otomatiki yenye kinu ndani. Mafuta hugandisha punje kwenye chombo cha juu zisishuke, hujipaka kwenye meno ya kinu, na yakichacha hutia kila kikombe kinachofuata ladha ya mafuta ya zamani. Ndani ya mashine kama hizo kuna sehemu ambazo mtumiaji hafiki kuzisafisha.

Asiyetaka kafeini achague mkaango wa kati na mfuko mdogo. Kahawa iliyoondolewa kafeini huzeeka haraka, na rangi yake huwa nyeusi kuliko mkaango wake halisi, hivyo usiihukumu kwa macho. Mara nyingi utalazimika kuisaga laini zaidi.

Kabla ya kuulaumu mfuko

Shikilia kiasi cha unga na kiasi cha kahawa, badilisha ulaini peke yake. Kila ukigeuza kinu, saga gramu 2 au 3 uzimwage, kwa kuwa unga wa zamani hubaki kwenye koo lake. Ikitoka haraka na ni chachu, saga laini zaidi. Ikichelewa na ni chungu, ongeza ukubwa wa chenga. Ikiwa chachu na yenye ukakasi kwa wakati mmoja, maji yamepata mfereji ndani ya unga: vunja madonge kwa sindano nyembamba, sawazisha, kisha shindilia wima.

Muda ukiwa sahihi na ladha bado chachu, pandisha joto nyuzi 1 au 2, au kamua gramu 5 zaidi. Isipokubali hata hapo, mfuko ni mchanga au mkaango ni mwepesi mno kwa mashine yako. Upe siku 5 nyingine. Muda sahihi na ladha bapa isiyo na harufu ni dalili ya uzee, na huo hautibiki.

Kuhifadhi

Kabati kavu lenye giza linatosha, punje zikiwa kwenye mfuko wake uliotolewa hewa. Jokofu lina unyevu na harufu za vyakula, liepuke. Friza ni jambo tofauti: hufaa sana kwa mfuko ambao hutaufikia wiki hii, ilimradi punje zimekwisha pumzika siku zake kwanza. Zigawe kwa vifungashio vya gramu 18 visivyopitisha hewa, ukazisage moja kwa moja zikiwa zimeganda. Ukigandisha mfuko mzima, utoe usiku kucha upate joto la chumba kabla ya kuufungua, la sivyo hewa itaacha maji juu ya punje baridi.