Chanjo ya nimonia: sukari tupu au sukari iliyounganishwa na protini?

Bakteria wa pneumokoka, wanaosababisha nimonia, hujifunika ganda la sukari, na ganda hilo ndilo antijeni (kitu ambacho kinga ya mwili hujifunza kukitambua) ya chanjo zote mbili. Chanjo ya sukari tupu hubeba aina 23 za ganda, upana unaovutia kweli. Lakini seli T, seli za kinga zinazozisaidia seli B, haziitambui sukari peke yake, hivyo seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, huzitoa bila kuacha kumbukumbu ya kinga ya kudumu, na mtoto wa chini ya miaka 2 hunufaika kidogo mno.

Iunganishe sukari ileile na protini: seli T huamka, kumbukumbu hujengeka, na mtoto wa wiki 6 anaweza kuanza kuchanjwa. Aina huwa chache, 13 kwa mfano. Kwa watoto sioni mjadala, ni hii ya pili. Tena hupunguza bakteria wanaoishi puani, kwa hiyo hata wasiochanjwa hukingika.