Kliniki ya mifugo upande wa Rau, Moshi: Simba alikula vidonge 14 na leo anabweka getini

Huwa siandiki maoni ya sehemu yoyote ila hii lazima niandike, hawa watu wamenirudishia mbwa wangu. Kliniki yenyewe ndogo, ukipita na boda hata huioni.

Simba ana miaka tisa, kilo 28, nyonga zinamsumbua, akaandikiwa karprofeni, dawa ya maumivu ya mbwa, vidonge vya miligramu 100, nusu asubuhi nusu jioni. Vile vidonge vina ladha ya nyama ili mbwa asigome, sasa mimi kopo nimeliacha kibarazani juu ya ndoo ya pumba, nimetoka dukani narudi nakuta limetafunwa, vimebaki vidonge viwili sakafuni. Kuhesabu, vimeenda 14. Na mbwa yupo poa kabisa anatingisha mkia, hapo ndo mtu unadanganyika unasema ngoja tuone kesho.

Jirani yangu, mama mtu mzima namheshimu sana, akasema mpe maziwa, mwingine akasema maji ya chumvi atapike. Mimi nikapiga simu kliniki kwanza. Dada aliyepokea hakunilaumu hata kidogo, akauliza haraka haraka dawa gani na ya nguvu gani, vidonge vingapi, mbwa ana kilo ngapi, amekula saa ngapi. Akapiga hesabu palepale, miligramu 1,400 kwa kilo 28 ni 50 kwa kila kilo, wakati dozi ya siku nzima ni kama 4 na kidogo tu, akasema kiasi hicho kinaweza kuharibu mpaka figo, usisubiri dalili, maziwa acha, chumvi usithubutu maana yenyewe inaweza kumuua, njoo sasa hivi na kopo lake.

Bajaji mbili ziligoma kubeba mbwa, ya tatu mangi mmoja muungwana akakunja kapeti akasema panda dada twende. Lisaa limoja halijaisha tumefika. Wakamchoma sindano ya kutapisha, vikatoka vipande vingi, kisha mkaa wa dawa wa kunasa sumu tumboni, na usiku wakaurudia kwa sababu karprofeni ikishapita kwenye ini inarudi tena kwenye utumbo kupitia nyongo. Dripu siku mbili, dawa ya kulinda tumbo lisipate vidonda, damu ya kuangalia figo wakapima siku tatu mfululizo, jamani nililia siku ya tatu daktari aliposema figo zipo sawa. Karprofeni wameisimamisha, na nyumbani niliambiwa niangalie kutapika, kinyesi cheusi kama lami, kugoma kula, kunywa maji kupita kawaida.

Kilichoniuma, vidonge vilitoka kwao na hakuna aliyenambia vina ladha ya nyama. Nilimwambia daktari usoni, akakubali akaniomba radhi, nilivyorudi wiki iliyofuata nikakuta kila kopo wameandika kwa kalamu nene WEKA JUU MBALI NA MBWA. Pia usiku mapokezi hakuna mtu, unagonga mpaka mlinzi aamke, hapo warekebishe kwa kweli, mwenzangu anaweza kuja saa nane na mbwa anatetemeka mikononi.

Bei jumla 210,000, nimelipa kwa awamu mbili na hawakunizungusha. Dawa za Simba sa hivi zinakaa kabatini na ufunguo ninao mimi, namba ya kliniki nimeibandika ukutani jikoni pembeni ya namba ya mita ya luku.